Barua ya wazi: Asiyeshika kusoma katika darasa la ngumbaru si mzembe

Kwa Waziri wa Elimu na Mkurugenzi wa Elimu ya Watu Wazima,
Kwa Gavana wa Lamu na waheshimiwa wa Bunge la Kaunti,
Kwa wakuu wa Taasisi ya Elimu Maalum (KISE), Baraza la Mitihani (KNEC) na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu,

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kutoka Amu, mji wa Lamu.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa ngumbaru, yaani madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima, hapa mtaa wa Langoni. Nawaandikia kwa niaba ya watu ambao hawataweza kuisoma barua hii wenyewe, ijapokuwa wamekaa darasani miaka. Siwasemei wale ambao hawajawahi kufika darasani. Hao wana watetezi, na kila tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani, hutajwa kwenye hotuba. Nawasemea waliokuja. Walinunua daftari, wakaacha kazi zao za alasiri, wakakaa muhula baada ya muhula, na bado hawasomi. Kila darasa nililofundisha au kulitembelea lina watu wa namna hii. Wenzao huwaita wazito. Wao wenyewe hujiita wajinga. Serikali haiwaiti jina lolote, kwa kuwa siku wakichoka na kurudi nyumbani, kwenye rejista huandikwa tu kwamba wameacha.

Ninaloomba mlikubali ni hili: wengi wa watu hawa wana ulemavu wa kujifunza, na elimu ya watu wazima nchini mwetu haina njia ya kuwatambua wala ya kuwafundisha.

Nina mama mmoja darasani, mshonaji wa kofia za vito. Anayeijua kofia ya vito anajua kazi yake ilivyo: vitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, ua linafuata ua, na duru ikimalizika sharti mapambo yakutane pale yalipoanzia bila kupishana. Mama huyu huzihesabu nafasi zote kwa kichwa, na bei ya kofia zake si ya mchezo. Sasa mwekee mbele sentensi ya kitabu cha kuanzia: "Mama anapika chakula." Atasoma "ma-ma" vizuri. Akifika "a-na-pi-ka", anapoigusa silabi ya nne, ile ya kwanza imeshampotea. Anarudi mwanzo. Anarudi tena. Mara ya tatu anainua macho kuitazama picha ya sufuria iliyo juu ya ukurasa, kisha anasema kwa sauti ya kujiamini: "Mama anapika wali." Darasa linacheka. Yeye anafunga kitabu, anajitanda vizuri buibui lake, na siku hiyo hasemi tena.

Mwingine ni mzee aliyekuwa baharia, mtu wa heshima mtaani. Alikuwa akisoma kurasa za mwanzo bila kukwama hata kidogo, na mwalimu aliyemfundisha kabla yangu alimwandika kuwa amefuzu hatua ya kwanza. Nilipofunika ukurasa kwa karatasi nikaacha neno moja tu la katikati ya mstari, hakulijua. Kumbe kurasa zote alikuwa amezihifadhi kwa kuwasikia wenzake wakisoma. Mtu anayeweza kuhifadhi kurasa za kitabu kwa masikio hana upungufu wa akili. Ana shida mahali mahsusi, na shida hiyo inajulikana.

Inaitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la kitabibu habari za kijana wa miaka 14, mwerevu katika mambo mengine yote, ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Tangu hapo elimu imesonga mbele sana. Leo tunajua kwamba mwenye disleksia hupata taabu kuzitenga sauti zilizomo ndani ya neno, kuzifunga na herufi zake, na kuzishikilia akilini kwa mpangilio mpaka neno likamilike. Tunajua pia kwamba hali hii hurithiwa katika familia, haina uhusiano na akili ya mtu, na haiishi utotoni: mtoto aliye nayo atakuwa mtu mzima aliye nayo. Wataalamu wengi hukadiria kwamba watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanayo kwa kiwango fulani. Na fikirini, waheshimiwa: walioshika kusoma walipokuwa wadogo hawaji kwetu. Ngumbaru hukusanya wale ambao shule iliwashinda. Kwa hiyo fungu lao katika madarasa yetu haliwezi kuwa dogo kuliko lilivyo mtaani.

Kuna wanaosema kwamba Kiswahili hakina tatizo hili kwa sababu kinasomwa kama kinavyoandikwa. Nimelisikia neno hili hata kwa maafisa wa elimu, na linatuumiza sana, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wenzao wa Ufaransa na Uingereza. Lakini walipolinganishwa na Waitaliano wenzao wasio na disleksia, walikuwa nyuma vilevile, na sehemu ile ile ya ubongo ilionekana kufanya kazi kwa unyonge katika makundi yote matatu. Maana yake ni kwamba tahajia iliyonyooka haiondoi tatizo. Huifanya sura yake iwe nyingine. Katika lugha kama yetu, mwenye disleksia huenda asikosee sana. Atasoma polepole mno, kwa jasho, na akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo wake. Na Kiswahili kina maneno marefu. "Hawatatukumbusha" ni neno moja la kawaida kabisa, lina silabi saba, na ndani yake mmekaa mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo. Anayezidiwa na silabi ya nne hawezi kulifikia hilo. Basi mtihani wa kupima disleksia uliotungwa kwa Kiingereza, unaohesabu makosa, utampitisha mtu wetu na kumwambia hana neno. Tunahitaji kipimo cha Kiswahili, kinachopima kasi na uchovu na siyo makosa peke yake.

Hapa Lamu tuna kipimo kimoja ambacho hakijaandikwa kwenye mtaala wowote, nacho ni chuo, yaani madrasa ya Kurani. Wengi wa wanafunzi wangu, hasa akina mama, walipitia chuoni utotoni. Wapo wanaokuja kwetu wakiwa hawajui hata herufi moja ya kizungu, lakini msahafu wanausoma vizuri, na barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wanaifahamu. Hawa hawana ulemavu wowote wa kusoma. Wape muda mfupi, wataikamata hati ya pili. Kisha yupo yule atakayekuambia, ukimuuliza kwa upole na faraghani, kwamba hata chuoni alikwama katika juzuu ya Amma, akahifadhi sura kwa masikio lakini herufi hazikumkubali, mwalimu akamchapa, mwishowe akaachwa asaidie kazi za nyumbani. Aliyeshindwa na hati mbili, kwa walimu wawili, katika umri mbalimbali, huyo hatuna sababu ya kumwita mvivu. Swali hilo moja la chuo, likiulizwa siku ya kujiandikisha, linafungua mengi. Hakuna fomu ya kuandikisha wanafunzi niliyopata kuijaza yenye swali hilo.

Lakini kabla hatujafika huko, macho. Mtu akipita miaka 40 hivi, karibu kila mmoja wetu huanza kuvisogeza mbali vitu vya kusoma ili avione. Ni umri huo huo ambao watu wengi hujiunga na ngumbaru, watoto wakishakua. Tunawapa vitabu vya herufi ndogo, darasa lina dirisha moja, kisha tunashangaa hawasomi. Nimeona mwanafunzi akivaa miwani ya kusomea ya mwenziwe kwa utani tu, halafu akasoma mstari mzima, kisha akauliza kama wengine wote ndivyo wanavyoona siku zote. Na masikio pia: asiyesikia vizuri hawezi kutofautisha "dhamini" na "thamini" wala "ghali" na "hali". Mwanafunzi asiitwe mlemavu wa kujifunza kabla hajapimwa macho na masikio. Kazi hiyo ni ya kaunti, kwa sababu zahanati na vituo vya afya viko chini yenu, mheshimiwa Gavana.

Na jambo la tatu la kuangalia ni lugha ya nyumbani. Mwanafunzi wa hapa akiandika "ndia" mahali pa "njia", au "mato" mahali pa "macho", ameandika Kiamu anachokisema kila siku. Mwalimu aliyeletwa kutoka bara humtia alama nyekundu na kumhesabia kosa. Kosa la namna hii ni la kufundisha tofauti ya lahaja na Kiswahili sanifu, basi, halihusiani na ulemavu. Hali inafanana kwa jamii ya Waaweer wa Basuba, wenye lugha yao, na kwa Wabajuni wa Kiunga na Kizingitini, wenye lahaja yao. Anayepima watu wa kaunti hii lazima awajue wanasema nini nyumbani.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu sitaki ionekane tunaomba hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya elimu; haikusema kila mtoto. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi na huduma za elimu zilizojumuishwa katika jamii. Na ulemavu ni nini? Kifungu cha 260 kinasema ni pamoja na hali yoyote ya mwili, hisia, akili, nafsi au nyingine iliyo na athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu wa kufanya shughuli zake za kila siku. Mama anayempa mtoto wake wa darasa la tano simu amsomee ujumbe wa pesa, na hivyo mtoto akajua nambari ya siri na akiba yote ya nyumba, ana athari katika shughuli zake za kila siku. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataja elimu ya watu wazima kwa jina. Sheria zipo. Zimekaa juu, na darasa liko chini.

Tazameni jinsi mtu wetu anavyodondoka katikati. Sensa ya 2019 iliuliza maswali juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kumakinika, kujihudumia na kuwasiliana, na ikapata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Mshonaji wangu wa kofia angejibu "hapana" kwa maswali yote yale, na angekuwa amesema kweli. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa nchini mwaka 1984, na KISE mwaka 1986; walimu wengi wazuri wametoka humo. Lakini vituo hivyo vilijengwa kwa fikra ya mtoto wa shule. Niliwahi kumpeleka mwanafunzi wangu, mwanamume wa miaka 30 na kitu, kwenye ofisi moja ya kupima. Karani alimwangalia, akaniangalia mimi, akauliza mtoto yuko wapi. Nilipomwambia anayepimwa ni huyu, akajibu kwamba hapa ni pa watoto. Tulitoka. Kijana hakusema kitu njia nzima mpaka gatini, na wiki iliyofuata hakuja darasani.

Upande wa pili, Idara ya Elimu ya Watu Wazima ilianzishwa mwaka 1979, katika kampeni ya kufuta ujinga ya Rais Moi, na kazi yake imekuwa kuwafundisha walio wengi kwa njia moja. Utafiti wa kitaifa wa kisomo uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba watu wazima 61.5 katika kila 100 walijua kusoma na kuandika. Waliobaki tuliwaona kama watu waliokosa shule tu. Hakuna aliyejiuliza ni wangapi kati yao waliipata shule ikawashinda. Sote tunamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84 na dunia nzima ikamshangilia. Namheshimu mzee yule, Mungu amrehemu. Lakini hadithi yake tumeitumia vibaya. Tumewaambia watu kwamba nia ikiwepo, kusoma kutakuja. Wanafunzi wangu wana nia, na wengine wana nia kuliko mimi. Nia haitengi silabi.

Kuna watu wengine ambao lazima niwataje, hata kama kwa ufupi, wasije wakachanganywa na hawa: watu wazima wenye ulemavu wa akili, kama walio na hali ya kuzaliwa iitwayo Down, ambao wazazi wao huwafungia ndani kwa aibu au kwa kuwahurumia. Mahitaji yao ni tofauti. Kwao kisomo chenye manufaa ni kujua pesa, kujua njia ya kurudi nyumbani, kuandika jina, kujihifadhi, na kupata kazi nyepesi ya mikono wakisimamiwa. Wanaweza kujifunza hayo, tena kwa furaha. Shule ya msingi ikiisha, hakuna mahali pa kwenda. Wanastahili barua yao wenyewe, na Inshallah nitaiandika.

Nirudi kwa walio darasani kwangu. Njia ya kuwafundisha inajulikana tangu miaka ya 1930, Samuel Orton na Anna Gillingham walipoanza kule Marekani kufundisha kwa jicho, sikio na mkono kwa pamoja. Mwanafunzi huiona silabi, huitamka kwa sauti, na wakati huo huo huichora kwa kidole. Hatua huwa ndogo, kwa mpangilio usiorukwa, na jana hurudiwa leo kabla ya jambo jipya. Mimi hutumia sinia lenye mchanga wa Shela. Wanafunzi wazee hawaoni haya kulitumia, kwa sababu wanakumbuka ubao wa chuoni: ukiandika, ukisoma kwa sauti, ukiosha, ukiandika tena. Walimu wa chuo walilijua hili kabla ya yeyote kulipa jina. Maneno marefu huyakata kwa kalamu za rangi: kiambishi rangi moja, shina rangi nyingine, mpaka mwanafunzi azoee kwamba "ha", "wa", "ta" ni vipande anavyokutana navyo kila mahali na hana haja ya kuvianza upya. Na hapa Kiswahili kinatusaidia, maana vipande hivyo ni vichache na havibadiliki ovyo. Mshonaji wangu anapoyaona maneno kwa rangi, husema ni kama kuhesabu vitundu vya kofia. Sasa anasoma majina ya dawa kwenye karatasi ya zahanati, na saa za kuzinywa. Anasoma polepole, lakini anasoma mwenyewe.

Namna hii ya kufundisha inataka wanafunzi wachache kwa mwalimu mmoja, na inataka mwalimu aliyefunzwa. Mwalimu wa ngumbaru wa muda hulipwa posho ndogo ambayo huchelewa. Wa kujitolea halipwi. Wengi wetu tulipewa kitabu na chaki tukaambiwa tuanze. Sijakutana hapa na mwalimu wa watu wazima aliyepata mafunzo, hata ya siku mbili, juu ya ulemavu wa kujifunza.

Kwa hiyo, Mkurugenzi wa Elimu ya Watu Wazima na wakuu wa KISE, tunaomba mkae pamoja mtunge mafunzo mafupi ya walimu wa ngumbaru, na myalete Lamu. Msituite Nairobi. Mwalimu wa Kiunga akisafiri mpaka Kasarani, darasa lake limefungwa kwa muda ambao wengine hawatarudi. Tunaomba vituo vya upimaji vifunguliwe kwa watu wazima kwa waraka rasmi, ili karani asiwe na la kusema. Na mpimaji awe na ratiba ya kuzunguka visiwani: Faza, Siyu, Pate, Kizingitini, mpaka Kiunga. Ratiba hiyo ipangwe na watu wanaoijua bahari. Wakati wa kusi maji huchafuka na boti huahirishwa. Wakati wa kaskazi wavuvi hawapo madarasani. Matlai, kipindi cha upepo mwanana kati ya kusi na kaskazi, ndiyo inayofaa, bahari ikiwa shwari na watu wakipatikana. Mwezi wa Ramadhani usipangiwe kitu.

KNEC, nina neno nanyi. Mnawaongezea muda watahiniwa wenye ulemavu, na karatasi mnazichapa kwa nukta nundu na kwa maandishi makubwa. Hilo ni jema na tunawashukuru. Mtu mzima anayefanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, na mwenye disleksia, apate haki hiyo hiyo bila kuzungushwa: muda wa ziada, chumba cha utulivu, na pale inapopimwa elimu ya jambo na siyo kusoma kwenyewe, asomewe swali na ajibu kwa mdomo. Anayejua historia ya nchi yake asifelishwe historia kwa sababu ya herufi. Na cheti chake kisiandikwe alama yoyote ya kumtenga.

Mheshimiwa Gavana na waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, najua mtajibu kwamba elimu ya watu wazima ni ya serikali kuu. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba halikuitaja kati ya kazi za kaunti. Lakini jedwali hilo hilo limewapa ninyi vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya afya. Matondoni kuna mafundi wanaojenga jahazi kwa jicho na kwa kamba, bila mchoro wa karatasi, na vijana wao wanashindwa kujiunga na chuo cha ufundi kwa sababu fomu na mtihani wa kuingilia ni wa kuandika. Amuruni kila kijana wa namna hiyo apimwe kwa kazi ya mikono yake. Tengeni katika bajeti ya afya upimaji wa macho na masikio kwa kila darasa la ngumbaru mara moja kwa mwaka, na miwani ya kusomea kwa wanaoihitaji. Miwani ya namna hiyo huuzwa hata kwa wachuuzi. Ni matumizi ambayo kaunti haitayasikia.

Nataka pia mjue hasara ya kutofanya lolote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.7 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya. Fidia huja na orodha, fomu, akaunti ya benki na makubaliano ya kurasa nyingi. Asiyesoma hupiga dole gumba chini ya maneno aliyosomewa na mtu mwingine, na hana njia ya kujua kama alisomewa yote. Hatimiliki za ardhi ni hivyo hivyo, na mikataba ya kuuza nyumba za mawe za mji huu ni hivyo hivyo. Kaunti hii inabadilika kwa karatasi. Watu wangu wameketi nje ya karatasi hizo, na wengi wao walishajaribu kuingia.

Sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya bajeti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi washirikishwe. Katika kikao cha wananchi kinachofuata hapa Amu nitakuja na wanafunzi wangu, na nitaomba wapewe nafasi ya kusema kwa mdomo, bila kutakiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi. Tungependa tuwakute na majibu mawili: ni nani atakayewapima watu wazima wa Lamu, na ataanza muhula gani. Nakala ya barua hii nimewasomea wanafunzi wangu kabla ya kuituma, wakasahihisha mahali pawili, na wameniruhusu kuyasimulia niliyoyasimulia.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa kujitolea, elimu ya watu wazima
Langoni, Lamu